Sweta ya Kompyuta

Ya kale si dhahabu. Ya kale huzimika dakika ya ishirini, kabla hujahifadhi kazi.

Ndivyo ilivyokuwa kompyuta yetu ya mezani hapa Huruma. Nilikuwa nahariri video ya koito, sherehe ya posa ya Brenda, binti wa jirani yetu Mama Priscah. Jumapili ukoo wao mzima ungetoka Ainabkoi kuja kuitazama, na mimi nilikuwa na pesa za kifaa kimoja tu.

"Nunua kadi ya picha," alisema kaka yangu Mungai, akiwazia michezo yake ya mpira.

"Nataka RAM, kumbukumbu zaidi, video isikwame."

"RAM ya nini, na inazima kila saa?"

Tukamwita fundi Ondiek. Hakufungua hata mkoba. Alitazama kitambaa cha uzi wa njano kilichofunika mashine hadi ubavuni, akacheka.

"Nani ameivalisha sweta?"

"Usikiguse!" Mama akafoka.

Mama Priscah alikifuma kitambaa hicho mwaka wa 2008, tuliporudi kutoka kambi ya waliofurushwa na ghasia za uchaguzi na kukuta nyumba yetu ni majivu. Majirani wengine walituchungulia dirishani. Yeye, Mkalenjin, alivuka barabara mchana kweupe kuja kwetu Wakikuyu na debe la mahindi kichwani. Tangu hapo Mama hukifua kwa mkono, peke yake.

Ondiek akamulika kwa simu. Nyuzi za pindo zilikuwa zimevutwa ndani, zikajisokota kwenye feni ya kupoza mashine hata isiweze kuzunguka.

"Hata ukiweka RAM ya gavana, itazima tu. Zikatwe."

"Zifunguliwe polepole," Mama akasema.

"Mpaka Brenda apate wajukuu?" Nikachukua makasi. Kacha!

Mama alishika kichwa. Feni ikavuma, na saa nzima kompyuta haikuzima. Nikanunua RAM, Mungai akanuna.

Jumapili, Brenda alipotokea kwenye skrini akicheza, vigelegele vilitikisa mabati. Mama akanivuta hadi kwa Mama Priscah.

"Eddah, mwonyeshe ulichofanya. Omba msamaha."

Mama Priscah akakigeuza kile kitambaa.

"Wee, Mama Mungai! Hii si nilikufumia ya kochi? Uliweka kwa kompyuta?" Akacheka mpaka maziwa ya mursik yakamwagika kwenye rinda.

"Hata hivyo," Mama akasema, "aombe."

"Nilikata, Mama. Kesho ningekata tena. Siombi."