Kadi Saba za Mdogo Wake

Jumamosi saa tisa alasiri Fundi Miwani alifunga duka, akapangusa vumbi la vioo mezani, akapanga viti saba katika chumba cha nyuma. Muda si muda wakaanza kuingia wanachama wa Chama cha Wapenzi wa Gitaa Kavu, kila mmoja na santuri yake kwapani. Walipenda muziki wa mtu mmoja na gitaa lake, asiye na bendi, asiye na wacheza shoo na, ikiwezekana, asiye na wasikilizaji.

Chama kilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, santuri haipigwi kikaoni, kwa sababu muziki ungewakatiza wanaouzungumzia. Ya pili, hapendekezwi msanii anayejulikana na kila mtu. Mwanachama alisimama, akaisifu albamu yake hadi koo likamkauka, na kila aliyeshawishika akaandika kadi ya pendekezo na kuibana ukutani kwa pini. Albamu yenye kadi saba ilihesabiwa kuwa kazi bora. Lakini msanii akisikika tu akiimbwa barabarani, kadi zake zilibanduliwa siku hiyohiyo, na jina lake halikutajwa tena, kama mjomba aliyefanya fujo harusini.

Jumamosi hiyo Fundi Miwani alipendekeza albamu ya mdogo wake wa kike. Dada huyo aliishi naye, katika chumba cha juu ya duka, na humo ndimo alimorekodi nyimbo zake tisa, dirisha likiwa limezibwa kwa godoro. Santuri mia mbili zilitengenezwa. Mia moja na tisini zilikuwa chini ya kitanda chake.

Tusimsingizie Fundi: alimpenda mdogo wake. Alizijua nyimbo zote tisa, kila neno na kila pumzi, na alitaka kwa moyo wake wote watu wazisikie. Basi akazisifu vizuri. Alipoona Mwenyekiti, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anaanza kusinzia, akaongeza, "Tena hajulikani kabisa."

Mwenyekiti akafumbua macho. "Hata kidogo?"

"Hata majirani hawamjui."

Wanachama wakashusha pumzi kwa raha. Kadi tatu ziliandikwa palepale.

Fundi alipanda ngazi mbili mbili kumpelekea mdogo wake habari njema. Alimkuta kitandani, anakaza nyuzi za gitaa, sikio la kushoto halipo.

"Kaka, sikio langu halionekani."

"Linasikia?"

"Linasikia."

"Basi si neno," alisema Fundi, akamweleza habari za kadi.

Kadi ya nne ilichukua miguu, na ya tano mabega pamoja na shingo. Dada akawa anavaa soksi nyekundu ndani ya nyumba ili kaka yake asimkanyage. Sokoni muuza vitunguu alimhudumia mtu aliyekuwa nyuma yake, kisha aliyekuwa nyuma ya huyo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, naye alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Ilipobandikwa kadi ya sita, uso nao ukaenda, na Fundi akazoea kuzungumza na kola ya gauni.

"Labda wakinisikia nikiimba," alisema dada. "Wao wenyewe, kwa masikio yao."

Ombi hilo halikuwa la kawaida, lakini Mwenyekiti alilikubali kwa sharti kwamba onyesho lisizidi robo saa. Wanachama wakaketi. Gitaa likaingia likiwa limeshikwa na mikono miwili ya gauni, likakaa kwenye kiti, likaanza. Daktari wa Meno alitumia wimbo wa kwanza kumnong'oneza jirani yake kwamba yeye alimjua msanii huyu kabla hata ya Fundi. Wimbo wa pili aliutumia jirani kukanusha. Katika wa tatu karani wa posta alilia, kwa kuwa alikuwa amekumbuka msanii mwingine.

"Huu ndio unyenyekevu," alisema Mwenyekiti mwishoni. "Msanii amejiondoa kabisa, imebaki kazi tupu." Akaandika kadi ya saba kwa mkono wake.

Kesho yake hata nguo alizovaa dada hazikuonekana tena. Ikabaki sauti. Nayo, kadiri wanachama walivyoandika barua kuisifu albamu kwa wapenzi wenzao wa miji mingine, ilizidi kuwa nyembamba. Asubuhi moja alimwita kaka yake kwa chai mara nne, na mara moja tu ndiyo iliyofika chini. Fundi aliketi kwenye ngazi akalia. Aliogopa, na alijua anachokiogopa: sauti ikienda, hatakuwa na mdogo tena, atakuwa na santuri mia moja na tisini na ukuta wenye kadi.

Msaada ulitoka mahali ambapo chama kisingetafuta. Duka la jirani lilikuwa la dobi, mwanamke aliyeitwa Mama Pasi, na ukuta kati yao ulikuwa mwembamba. Jumanne Mama Pasi alianza kuimba huku akipiga shati pasi, na alichoimba kilikuwa wimbo wa nne. Alikuwa ameusikia ukutani kwa miezi, ukamwingia bila kubisha hodi.

Huko juu kikaonekana kidole kidogo cha mkono wa kulia.

Jumatano wateja wa Mama Pasi waliondoka na nguo zao wakiupiga mluzi, na kiganja kizima kikarudi. Alhamisi mke wa kinyozi aliwabembeleza nao watoto wake, mkono ukafika kwenye kiwiko. Dada aliuweka mezani mkono wake akautazama siku nzima. Sauti yake ilipata unene kidogo.

"Kaka," alisema, "nakuomba kitu kimoja tu. Usiende kumwambia lolote yule mama. Mwache aimbe."

"Nikamwambie nini mimi?" alisema Fundi.

Shida ni kwamba Mama Pasi aliuimba vibaya. Aliuimba kwa mwendo wa pasi, akarudia ubeti wa kwanza mara tatu kwa kuwa wa pili hakuujua, na pale palipotakiwa kushuka taratibu yeye alipanda kwa nguvu zote. Fundi alivumilia Jumatano. Alhamisi alijiziba masikio. Ijumaa alikata kioo cha mteja kwa kipimo kisicho chake.

Jumamosi kikao kikiendelea, Daktari wa Meno akiisifu santuri yake, sauti ya Mama Pasi ikapenya ukutani. Mwenyekiti akainua kichwa.

"Nani huyo?"

"Dobi."

"Dobi anamjua msanii wetu?" Mkono wake ulikuwa tayari umeigusa pini ya kadi ya kwanza.

"Hamjui," alisema Fundi haraka. "Angemjua, angeuimba hivyo?"

Akatoka, akaingia kwa dobi. Alimweleza Mama Pasi kwa adabu, maana alikuwa mtu wa adabu, pa kushuka, pa kutulia, na kwa nini ubeti wa kwanza haurudiwi. Akamwimbia kidogo kama mfano.

Mama Pasi aliiweka pasi wima. "Loo, samahani, baba. Mimi nilikuwa nasukuma kazi tu. Kumbe una wenyewe?"

"Una wenyewe."

"Basi nawaachia."

Akashika shati jingine, akaendelea na kazi kimya. Mteja aliyekuwa akisubiri, naye ameukunja mdomo tayari kwa mluzi, akaukunjua.

Fundi alipanda juu. Mezani hapakuwa na mkono.

"Nimemrekebisha tu, mdogo wangu," alisema. "Alikuwa anauharibu."

Alisubiri jibu kwa muda wa heshima, na huenda lilitolewa. Kisha akashuka, kwa sababu kikao kilikuwa hakijaisha, na Daktari wa Meno alikuwa amefika mahali pazuri.