Majina Pembeni mwa Mistari

Alhamisi asubuhi Alima, msichana ninayeandika naye programu, aliingia kwenye karakana yangu ya simu pale Ndosho, hata salamu hakutoa.

"Papa Ismael, jina yangu iko wapi?"

Programu yetu ni ile ya bandari ya Kituku. Kabla boti haijatoka, karani anaandika kila abiria, ili mtu akipotea ziwani tujue alikuwa nani. Tunaiandika watatu, mimi, Alima na Wenceslas, na pembeni mwa kila mstari wa kode huonekana jina la aliyeugusa mwisho. Juzi mistari elfu moja na mia mbili ilikuwa ya Alima. Sasa, toka juu hadi chini: Wenceslas, Wenceslas, Wenceslas.

Na kesho yake, saa nne, juri inayochagua wanafunzi wa shule moja ya mjini ilikuwa ifungue programu hiyo ione Alima, binti wa dereva, asiye na diploma, ameandika nini kwa mkono wake.

Nilijua mara moja kilichotokea. Miezi sita tuligombana juu ya nafasi tupu za mwanzo wa mstari. Mstari ulio chini ya mwingine husukumwa kulia kidogo, jicho lione ngazi. Mimi na Alima, tuliojifunzia kwenye simu, tunasukuma nafasi mbili, maana kioo ni chembamba. Wenceslas, mtu wa chuo kikuu na ordinateri ya kioo kikubwa, anataka nne.

Nikamwita. Akaja, akashuka kwenye pikipiki akicheka.

"Jana nilipitisha kifaa kimoja, sekunde mbili, yote ikakuwa nafasi ine. Sasa kode inapumua!"

"Inapumua kwa jina yako," nikamwambia. "Nyinyi watu ya diploma ni vile toka zamani. Mutu analima, mwingine anapita na kalamu, shamba inakuwa yake. Ile afishi ya ukutani ya 2019 nilichora mimi, ukatia sahihi yako!"

"Afishi tena! Muzee, ile afishi mvua ilishaimaliza."

"Mimi haijaniishia."

"Mutagombana afishi mupaka kesho saa ine?" Alima akauliza. "Mimi niko na juri."

Akampa Wenceslas simu. Naye akashuka na kidole kwenye mistari, akashuka tena, na kicheko kikamwisha.

"Sikuwaza iyi, Alima. Kweli."

Akavuta kiti. Kumbe kuna faili ndogo ambamo unaandika namba ya badiliko lililosogeza nafasi tu. Historia inaliruka na kuonyesha aliyekuwa chini yake. Akaandika namba ya badiliko lake, akatuma. Alima akafungua upya. Jina lake likarudi, mstari kwa mstari.

Hapo ilifaa ninyamaze.

"Umeona?" nikamwambia Wenceslas. "Sasa rudisha na nafasi mbili zetu."

Alima alikuwa bado anashuka. "Papa, na iyi? Agosti 2020. Mistari mia tatu, na wewe pia ulisogeza nafasi tu."

Ilikuwa sehemu ya orodha ya abiria, ile ninayowaambia watu kila siku kwamba niliiandika mimi. Alipolifungua badiliko lile, chini ya jina langu kulikuwa na nafasi nne, na jina la Musafiri wa Mugunga, aliyeanza nami kabla ya hawa wawili. Nikakumbuka. Nilimwambia nafasi nne ni za wakubwa, sisi watu wa simu tunataka mbili, na mchana mmoja nikaisukuma kazi yake yote kushoto. Aliniandikia, "Sawa, kaka." Hakurudi tena. Na mimi, miaka yote hii, nimekuwa nikisema Musafiri alituacha.

"Tutie na namba ya ile badiliko yako?" Wenceslas akauliza. Hakucheka. Heri angecheka.

"Tia."

Mistari yangu ikabaki arobaini na moja.

Alima akaenda kujitayarisha. Nafasi nne zikabaki. Alisema atapunguza herufi kwenye simu, yeye alichotaka ni jina. Wenceslas naye akasimama mlangoni, akaniuliza kama sasa tuongelee ile afishi.

"Kesho," nikamjibu.

Nikatafuta namba ya simu ya Musafiri. Siku hizi yuko Kindu. Nikamtumia picha ya mistari yake, jina lake pembeni, na chini nikaandika: "Ni mimi niliyelifuta."

Ujumbe ukaonyesha kwamba ameusoma. Nikaiweka simu mezani, kioo juu, nikangoja jibu.