Alama za Tairi kwenye Jabali

Kwenye karakana ya baiskeli ya Dada kulikuwa na sheria moja ambayo haijaandikwa popote: anayechora njia ndiye anayeishuka kwanza. Wewe ukikata vichaka, ukachimba kona, ukapanga mawe, basi wewe na baiskeli yako mnatangulia, wengine wanakuja nyuma kuusoma mchirizi wako. Tairi lako likipita, njia imepitika. Hakuna karatasi, hakuna muhuri. Mchirizi kwenye udongo ndiyo ahadi yenyewe.

Mchora njia alikuwa Masihara, mdogo wake Dada wa mwisho. Jina lake halisi alilitumia mama yao tu, tena akiwa amekasirika. Kazi yake ilikuwa kukata njia za waendesha baiskeli kule vilimani, zile zinazoanzia kwenye tangi la maji na kuteremka mpaka mchanga wa pwani. Kazi yake ya pili hakupewa na mtu: kuwaigiza walioanguka. Mgeni akibwagwa asubuhi, mchana Masihara ameshapanda juu ya ndoo katikati ya karakana, anaanguka vilevile, mikono vilevile, na yowe lilelile. Watu wanashika mbavu.

Ambaye Masihara alipenda zaidi kumuigiza ni Shemeji, mume wa Dada. Shemeji alikuwa fundi cherehani, mtu asiyekata kitambaa mpaka amekizunguka kama anayechagua mbuzi mnadani. Na baiskeli aliiendesha hivyohivyo. Kila kona breki, kila jiwe breki, na magotini amejishonea mito miwili ya sponji.

"Shem, hizo breki unazifuga?" Masihara alikuwa akimuuliza. "Ziachie basi zikatembee kidogo!"

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, shem," Shemeji alijibu, akicheka na yeye.

Sasa, mwaka huu Masihara alichora njia mpya, na akaitangaza kabla haijaisha. Njia yenyewe ilikuwa inapita juu ya jabali moja kubwa lililoinamia bahari. Kila mtu alimwambia alizunguke. Akasema kuzunguka ni kwa mabasi.

Asubuhi ya kuishuka alikwenda peke yake, eti anataka kuwashtua. Akafika ukingoni mwa jabali, akachungulia. Chini kabisa bahari inang'aa kama bati jipya, na kati yake na bahari hakukuwa na kitu cha kumshika mtu. Akarudi nyuma, akaja kwa kasi, akasimama. Akarudi tena, akaja, akasimama tena. Miguu ilikataa kama punda aliyeona maji. Akajitukana kwa sauti, akajikaza kisabuni, wapi.

Hapo akapata wazo, na kwake wazo na utundu ni ndugu wa tumbo moja. Akafunga usukani usipinde, akafunga kamba kwenye kiti, akaishusha baiskeli taratibu juu ya utando wa udongo mwekundu uliolifunika jabali, magurudumu yakizunguka yenyewe. Kisha akateremka kwa pembeni akishikilia mizizi, akafagia nyayo zake kwa tawi, akaipanda baiskeli huko chini na kumalizia njia akipiga mluzi. Alikuwa anacheka peke yake. Aliona ni kituko kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya, na ubaya wake ni kwamba hana wa kumsimulia.

Fundi Spoku, mzee mtania watu aliyekuwa akisuka magurudumu pale karakana, alipanda kwenda kuutazama mchirizi. Alirudi anatikisa kichwa.

"Huyu mtoto hana akili timamu," akasema. "Hakushika breki hata kidogo! Mstari umenyooka kama uzi."

Basi, sifa ni kama fulana inayobana. Kuivaa unavaa mwenyewe, kuivua unatafuta msaidizi. Masihara akaivaa. Na kwa kuwa alikuwa ameivaa, akamgeukia Shemeji mbele ya watu.

"Shem, ukifika pale juu niite. Nitakuja nikubebee mkoba."

Karakana ikaangua kicheko. Hata Dada alijiziba mdomo. Shemeji alitabasamu, lakini kwa midomo tu.

Kesho yake mchana Shemeji alifunga duka lake mapema, akapanda kilimani bila kumuaga mtu. Wakata majani ndio waliomkuta chini ya jabali, ameshika bega, anawaomba radhi kwa usumbufu.

Mtulinga, ule mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika. Mkono wa kulia, wa kukatia, ukatundikwa shingoni kwa kitambaa, na cherehani ikafunikwa shuka.

Masihara alipokwenda kumjulia hali alikuta amewekewa mito kila upande pale kwenye kochi. Shemeji alichangamka kumuona.

"Wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri. Kaa hapa. Hebu niambie, nilikosea wapi?"

"Pole kwanza, shem."

"Nimeshapoa. Sikiliza. Nilikaa pale juu nikausoma mchirizi wako, nikausoma kweli. Hakuna hata mahali tairi limeburuta. Nikasema, kumbe siri ndiyo hii, kinachoniponza siku zote ni breki. Nikaziachia zote mbili."

Masihara aliangalia vile vidole, vidole vya kutunga uzi kwenye sindano huku mwenyewe anaongea na mteja. Vilikuwa vimevimba, vimetulia ndani ya kitambaa. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Hakukuwa na mtu mwingine sebuleni. Mdomo ambao haukuwahi kukosa neno haukulikosa hata hapo, ila ulipata lingine.

"Uliegemea mbele sana," akasema. "Uzito ungeupeleka nyuma."

"Ahaa!" Shemeji akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. "Nilijua tu kosa ni langu. Nikipona utanifundisha."

Chai aliyoletewa Masihara ilipoa kwenye kikombe. Alitoka pale anaona haya hata ya kuvaa viatu vyake mbele ya mwenye nyumba.

Siku moja kabla ya kufika wageni wa kuishuka njia mpya, Dada alivaa helmeti yake, akasema anapanda juu. Fundi Spoku akamfuata, na Masihara nyuma yao, kimya, mpaka Fundi akamuuliza kama anaumwa jino.

"Wageni wanakuja kesho," Dada akasema walipofika ukingoni mwa jabali. "Mimi nataka kwanza nikione kilichomuangusha mume wangu." Akainama, akausoma mchirizi, ambao upepo ulikuwa haujaufuta. Akakaa vizuri kwenye kiti. "Uzito nyuma, breki naachia. Si ndivyo ulivyomwambia?"

Masihara akaiangusha baiskeli yake chini.

"Dada, usishuke. Mimi sikushuka hapa."

"Ameanza," Fundi Spoku akasema.

"Kweli tena! Niliogopa. Baiskeli niliishusha kwa kamba."

"Kwa kamba!" Fundi alipiga paja. "Kama ndoo ya kisimani! Jamani!"

Dada naye akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi, cheko lake la kwanza tangu mumewe aletwe nyumbani. "We mtoto utaniua. Haya, pisha."

Akakanyaga pedeli.

Masihara akaruka mbele, akakumbatia gurudumu lake kwa mikono miwili, akalikatalia. Kisha, kwa kuwa maneno yake hayakuwa na mnunuzi, akafungua kamba ileile, iliyokuwa bado kwenye baiskeli yake. Akafunga usukani. Akafunga kiti. Fundo likamshinda, akalianza upya. Kisha akaishusha baiskeli juu ya jabali, taratibu, pembeni ya mstari wa kwanza, wenzake wakiangalia.

Hakuna aliyecheka. Fundi Spoku alichuchumaa, akaitazama mistari yote miwili.

"Pacha," akasema kwa sauti ndogo.

Dada alivua helmeti. Masihara alingoja matusi, aliyahitaji kama mgonjwa anavyohitaji sindano, lakini hayakuja.

"Na ile ya kuegemea mbele?" Dada aliuliza.

"Nilitunga."

"Mtu bega limevunjika, anakuuliza, wewe unamtungia." Akaigeuza baiskeli yake kuelekea walikotoka. "Nenda kamwambie yeye. Mimi usiniambie kitu."

Alimkuta Shemeji amesimama mezani, anajaribu kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mkasi ulikuwa unatafuna badala ya kukata. Masihara alimwambia yote akiwa mlangoni, bila kupamba, bila kuigiza mtu. Alipomaliza alikuwa anaangalia sakafu.

"Kwa hiyo na wewe uliogopa," Shemeji akasema.

"Niliogopa."

"Palepale juu?"

"Palepale, shem."

Shemeji aliweka mkasi chini. "Nilikaa pale muda mrefu. Nataka kushuka, naogopa, naangalia ule mstari wako. Nikasema mwenzangu amepita hapa kama anakwenda dukani, mimi nina nini? Nilijiona si mtu." Akaupanga mkono wake vizuri ndani ya kitambaa. "Tungeogopa wawili, ningegeuza baiskeli nikarudi nyumbani."

"Nisamehe, shem."

"Toka kwanza. Sijakufukuza. Toka tu, nitakuita."

Masihara akakaa kwenye ngazi ya mlangoni. Jirani mmoja alipita na mzigo wake kichwani, akapunguza mwendo, uso umeshajiandaa kucheka.

"Masihara! Leo una kipi?"

"Sina," akasema.

Ndani mkasi ulianza tena, ukakwama, ukaanza tena. Akatega sikio, asije akaitwa asisikie.