Programu ya Katikati

Mwaka 1998, Nyasuguta aliajiriwa na kampuni moja ya mbegu mjini Migori, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupatanisha programu tatu za kompyuta zisizoelewana. Ya maagizo ilikuwa kwenye tawi la Homa Bay, na mbegu iliziita kwa majina. Ya ghala, pale Migori, ilijua namba tu. Ya malori ilitaka kilo. Kwa hiyo kila asubuhi Pamela wa Homa Bay alimpigia simu mtunza ghala, Mzee Mirumbe, akamsomea maagizo kwa kupayuka. Wakulima wa Kosele waliwahi kuagiza mahindi wakaletewa mtama.

Meneja alitaka kila programu iunganishwe na nyingine moja kwa moja.

"Leo ni tatu," Nyasuguta akamwambia. "Zikifika kumi, nitazeeka nikizifungua na kuzifunga zote kila ikiongezwa mpya."

Akaandika moja ya kukaa katikati: kila programu iitumie ujumbe kwa lugha yake, nayo iutafsiri na kuupeleka kwa programu inayohusika. Ilimchukua wiki saba.

Siku ya majaribio, saa nne asubuhi, Pamela aliandika kule Homa Bay: mahindi, magunia ishirini. Modemu ya Migori ikapiga mluzi. Printa ya ghala ikatetemeka: namba 417, magunia ishirini. Ya malori ikafuata: kilo mia tano, ishirini na tano kwa kila gunia.

"Imejua!" Mzee Mirumbe akaruka, akamkumbatia meneja ambaye hakuwahi kumsalimia kwa mkono.

Printa ikatoa karatasi nyingine. Na nyingine. Simu ya meneja ikalia.

"Yawa!" Pamela alipiga kelele kwenye simu. "Mbona huku naonekana nimeagiza magunia elfu moja?"

Nyasuguta akaelewa papo hapo. Ghala lilipojibu "tumepokea", programu ya katikati ililichukulia jibu kuwa agizo jipya, ikalirudisha ghalani, nalo ghala likajibu tena, bila kikomo. Alicheka mpaka vidole vikakataa kubonyeza. Meneja akakimbilia soketi aichomoe printa.

"Iache kidogo," Mzee Mirumbe akamsihi, karatasi zikimfika magotini. "Ina furaha."

Mstari mmoja ulitosha: jibu liandikwe kuwa ni jibu. Wakajaribu tena. Ikatoka karatasi moja, wakaishangilia kama bao.

Mwezi uliofuata tawi la Kendu Bay lilifunguliwa, na programu yake ilihesabu mbegu kwa debe. Nyasuguta aliiunganisha kabla ya chakula cha mchana. Meneja alimkuta uani, ameketi juu ya gunia, anacheka peke yake.

"Kuna nini tena?"

"Zile tatu za kwanza," alisema akifuta machozi. "Sikuzigusa hata kidogo!"