Dirisha Lisilowahi Kuwepo

Miezi saba Philippa alikuwa akiandika barua na kujaza fomu kwa ajili ya ukuta mmoja. Leo hatimaye afisa wa majengo ya kale, Bwana Pocock, amefika nyumbani kwao Aldercote na patasi yake, na nusu saa nzima anatazama tu. Philippa alitamani kumnyang'anya hiyo patasi.

Mama yake, Bi Rosalind, hakuweza tena kupanda ngazi, na daktari hakumpa hata mwaka. Chumba pekee cha chini chenye joto la maana kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama mapipa ya taka. Kwenye ukuta mwingine wa chumba hicho, unaoelekea mitufaha aliyoipanda mama mwenyewe, nje palikuwa na dirisha zuri la kingo za mawe, vioo vyake vimechorwa kwa rangi juu ya matofali. Ndani, ukuta mtupu. Miaka yote wageni waliambiwa kwamba babu mmoja bahili aliliziba ili kukwepa kodi ya madirisha, iliyotozwa zamani kwa kila dirisha la nyumba.

"Kama lilizibwa, mtalifungua," alisema Pocock. "Kama halikuwahi kuwepo, siwezi kuwaruhusu mtoboe."

Akabandua lipu. Matofali yalikuwa yameshikana safu kwa safu, bila mshono wowote pembeni.

"Ukuta ulijengwa hivi tangu mwanzo," alisema. "Mjenzi alitaka madirisha yalingane pande zote. Hili aliliweka kwa ajili ya macho ya watu wa nje."

"Na macho ya mama yangu je?" Philippa alifoka. "Unalinda rangi, Bwana Pocock. Rangi juu ya tofali."

"Mwache, Philippa," Bi Rosalind alisema kutoka kitandani. "Mimi mwenyewe nilizunguka kijiji kizima kukusanya sahihi ili nyumba hii ilindwe. Bwana Pocock, karibu chai kabla hujaondoka."

Hakunywa. Gari lake lilipotoka getini, Philippa alikuwa bado amesimama mbele ya ukuta. Angalau mama ameelewa, alijiambia.

"Hivi nani alikutuma uombe ruhusa?" Bi Rosalind akauliza.

"Mama! Si wewe uliyenifundisha kwamba nyumba hii haiguswi bila ruhusa?"

"Nilikufundisha, ndiyo. Lakini ungetoboa tu, mwanangu. Ruhusa ungeomba ukishanizika."