Drili ya Kusimama

Kuku alikuwa ameatamia juu yake. Hilo ndilo lililomfanya Cheche asimame, maana macho yake yalikwenda kwa kuku kwanza, ndipo yakaona kwamba kiota kimekaa juu ya meza ya chuma, na meza ina mianya ya kufungia chuma kinachotobolewa, na nyuma yake, katikati ya mabati na fremu za baiskeli, kuna nguzo nene iliyoegemezwa ukutani. Juu ya nguzo, kichwa. Ubavuni mwa kichwa, mpini. Jamani, drili ya kusimama! Mashine nzima ya kutobolea vyuma, imetelekezwa kwa muuza vyuma chakavu, inaatamia mayai.

Moyo ukamwenda mbio, lakini uso akaukausha. Cheche alikuwa fundi wa mageti na madirisha, mwanamke pekee wa kazi hiyo mtaani, na jina alibandikwa kwa sababu ya cheche za kuchomelea zilizomtoboa kila nguo. Alikuwa mteja wa siku nyingi pale, akijua fika kwamba ukimwonyesha muuzaji meno, bei inapanda ngazi. Basi akajifanya hamnazo. Akauliza habari za mabomba asiyoyataka. Akalilalamikia jua. Kisha, akiwa kama mtu anayeondoka zake, akauliza lile dude la kuku ni la nini.

Muuzaji akasema hata yeye hana hakika, lilikuja pamoja na takataka za karakana iliyofungwa; akilitaka alichukue kwa uzito kama chuma kingine, ila kuku wake asibughudhiwe. Cheche akaguna, akasema atafikiri. Alifikiri kwa muda wa kumeza mate. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama, akamhamishia kuku na mayai yake kwenye karai bovu huku akidonolewa mkono mzima, akalipa kabla yule bwana hajabadili mawazo.

Mwenye mkokoteni alipoulizwa kama ataweza mzigo ule alisema ataweza, ila angependa kujua mazishi yake mwenyewe ni saa ngapi. Cheche alicheka njia nzima. Alisukuma kwa nyuma, jasho linamtiririka, na kila gurudumu lilipoingia shimoni aliipigapiga ile nguzo akiiambia ivumilie, nyumbani si mbali.

Msidhani furaha yote ile ilikuwa ya mashine. Ilikuwa ya baba yake.

Baba yake aliitwa Mzee Timazi na kila mtu, kwa sababu kazi yake ilinyooka kama uzi wa timazi la mwashi. Ndiye aliyeifungua karakana, ndiye aliyemfundisha binti yake kuchomelea wakati majirani wanamuuliza kama amekosa watoto wa kiume. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Ikaanza na kikombe, ikaja funguo, mpaka siku moja akitoboa matundu ya bawaba za geti la shule, drili ya mkono ikamteleza, matundu yakaenda kombo, na geti likagoma kufunga mbele ya walimu na wanafunzi. Hakuna aliyecheka. Mzee akaiweka drili chini taratibu, akafuta mikono, na tangu siku ile hakukanyaga tena karakana. Daktari alimwambia ugonjwa wake hauondoki lakini pia hauui. Mzee akasema daktari yule si fundi.

Sasa alikuwa ameamua kuhama. Jumamosi dada yake angekuja kumchukua, akakae naye, awe anashinda dukani kwake. Mtu aliyejenga nusu ya mageti ya mtaa anakwenda kufukuza nzi kwenye sukari! Na alilisema bila kulalamika, hilo ndilo lililomuumiza Cheche. Huyu ni mzee aliyekuwa akigomba siku nzima ukiacha koleo nje, na leo hakuwa na neno na mtu. Cheche alimjua baba yake. Akienda kukaa kwenye kiti cha duka hatarudi, na hatadumu.

Lakini drili ya kusimama haibebwi mkononi. Imejishika yenyewe. Chuma kinafungwa mezani kwa vibano, biti, ile ncha ya kutobolea, inashuka wima, na mkono wa mtu unavuta mpini tu, basi. Mkono unaotetemeka si unaweza kuvuta? Swali hilo lilimnyima Cheche usingizi kwa raha. Ilikuwa Jumatatu, na alitaka mashine ile ingurume kabla shangazi hajafika.

Loo, wiki ile! Alifungua kila kinachofunguka. Skrubu ziligoma, akazibembeleza kwa mafuta ya taa, zikagoma, akazitukana, zikaachia. Kutu ilitoka kwa makarai. Chini ya kutu kulikuwa na chuma kizuri, kizito, kilichotengenezwa na watu ambao hawakuwa na haraka, na kila sehemu iliyong'aa alitaka kumwita mtu aione. Fundi wa mota alipoipima ile mota akasema nzima, na kwamba watu wa zamani hawakuwa wabahili wa shaba. Mkanda aliupata kwa jirani mwenye mashine ya kusaga nafaka. Mpini uliovunjika akauchomelea mwingine kwa nondo, akausugua mpaka ukawa laini kiganjani. Jioni alirudi nyumbani mweusi tii, anaimba. Baba yake akamtazama juu ya redio, akauliza kama kuna harusi. Cheche akasema ipo, bwana harusi anafanyiwa usafi.

Alhamisi ikawa siku ya rangi. Na hapa inabidi muwaelewe watu wa mageti. Kwao chuma kisichopakwa rangi ni sawa na mtu aliyetoka kuoga akasahau nguo. Mteja hakipokei, na kutu inakipokea upesi. Cheche akaipaka mashine yake rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha buluu juu yake, kila mahali brashi ilipofika. Nguzo buluu, kichwa buluu. Hata ncha ya shafti, ile inayovishwa mdomo wa kushikia biti, ilipata koti lake. Kesho yake asubuhi akauvisha ule mdomo, akaona unabana, akaugonga kwa nyundo mpaka ukakaa. Akarudi nyuma akaitazama. Ilikuwa nzuri mpaka akaona haya.

Mchana akamwita baba. Mzee alikuja kwa kuburutwa, akasimama mlangoni, mikono mfukoni. Aliitazama nguzo, akaitazama meza, na Cheche aliona shingo yake inarefuka kidogo, kama zamani alipokuwa akiletewa chuma kipya. Cheche akawasha.

Mota ikanguruma vizuri. Mkanda ukashika. Na biti, badala ya kusimama mahali pamoja, ikaanza kuchora duara hewani. Cheche akaishusha juu ya bamba akitumaini itatulia, lakini ikarukaruka, ikalia, ikatoa tundu pana lisilo na umbo. Akazima. Mashine ilikuwa inatetemeka.

Mzee akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na utamu wowote.

"Umeniletea mwenzangu," alisema.

Akageuka, akaenda nyumbani kufunga mizigo. Cheche akabaki na lile bamba mkononi. Aliona aibu, akaona hasira, akaipiga mashine teke, akaumia kidole. Alikagua beringi zote, zote zilikuwa nzima. Alinyoosha kila kitu akitumia jicho, akitumia rula, mpaka giza likamfukuza. Usiku huo hakuna aliyeimba.

Jumamosi shangazi alifika asubuhi na mapema, mwanamke mnene, mcheshi, anayeingia nyumba ya watu akiwa tayari katikati ya mazungumzo. Cheche akamwamkia, akamwandalia chai, kisha akatorokea karakana. Hakwenda kutengeneza. Alikwenda kuifungua ile mashine airudishe ilikotoka, kwa sababu hakutaka baba yake aondoke mtaani akiiona pale. Akaanza na mdomo wa biti. Akaugonga kwa juu, ukaanguka kiganjani, akauchungulia ndani.

Upande mmoja ulikuwa na buluu. Upande wa pili ulikuwa mkavu, unang'aa.

Akaitazama ncha ya shafti. Rangi yake nzuri ilikuwa imekwanguka huku, imejikunja na kujazana kule, na mdomo ulikuwa umekaa juu ya ule uvimbe ukiwa umeinama. Mwinamo wa unene wa ukucha tu, lakini juu ukiinama kiasi hicho, chini biti inacheza ngoma. Haikuwa shafti. Haikuwa beringi. Ilikuwa yeye na brashi yake! Akajipiga kofi la paja, akacheka peke yake kama mwendawazimu, akatafuta tina ya kuyeyushia rangi na kitambaa, akaisugua ile ncha mpaka ikabaki chuma kitupu, uchi kabisa, aibu au si aibu. Akauvisha tena mdomo, akaugonga kidogo kwa kipande cha mbao, akafunga biti, akawasha.

Biti ilisimama. Ilizunguka kwa kasi ile ile, lakini kwa macho ungeapa imelala. Cheche hakungoja hata kuijaribu. Alikimbia na glavu zake mkononi, akipishana na watu njiani, akaingia nyumbani anahema na kumkuta mzee amevaa koti la safari, mfuko wake wa nguo u mkononi mwa shangazi.

"Baba, haikuwa mbovu. Nilipaka rangi pasipopakwa. Ilikuwa rangi tu."

Mzee akamtazama kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kugombezwa.

"Mimi sikupakwa rangi, mwanangu," alisema.

Cheche akaziachia glavu zikaanguka. Maana ilikuwa kweli. Hakuna tina wala kitambaa cha mikono ile, na yeye wiki nzima alikuwa ameruka juu ya ukweli huo kama mtu anayeruka dimbwi. Machozi yakamjia. Akasema, kwa sauti ya mtoto, kwamba hajamwambia aache kutetemeka. Atetemeke anavyotaka. Ila asiondoke, kwa sababu karakana bila yeye ni banda tu, na yeye Cheche kila siku anaogopa humo ndani na hana wa kumuuliza.

Hakuwahi kumwambia hivyo. Mzee akawa anafungua na kufunga kifungo cha koti, kifungo kinamponyoka. Shangazi akahamishia mfuko mkono wa pili.

"Kaka, heri kufa macho kuliko kufa moyo," alisema. "Nenda ukaone. Gari si la mwisho."

Wakaenda wote watatu, polepole, kwa mwendo wa mzee. Cheche akachukua bamba jipya, akalitia alama, akalibana mezani, akawasha, akasogea. Mzee akautazama mpini wa nondo. Akatoa mkono mfukoni. Ulitetemeka vibaya zaidi, kwa sababu walikuwa wanamtazama, naye alijua. Akaushika mpini nao ukaanza kutetemeka pamoja naye, unagongagonga, na Cheche akafumba macho.

Alichosikia ni chuma kikikatwa. Sauti moja, ndefu, safi, isiyokatika. Alipofumbua, vinyuzi vya chuma vilikuwa vinapanda vikijisokota kuzunguka biti, na mkono wa baba yake unatetemeka juu, na chini biti inazama wima bila habari naye. Ikatokeza. Mzee akaurudisha mpini, akazima mwenyewe. Akalifungua bamba, akalipuliza, akaliinua kwenye mwanga wa mlango, akachukua boliti na kuliingiza tunduni. Mkono ulimkosesha mara kadhaa. Lakini boliti lilipopata njia lilipita lote, kwa uzito wake lenyewe, likasimama.

Shangazi alianza kusema, akaacha. Mzee akavua koti la safari, akatafuta pa kulitundika, akalitundika begani kwa dada yake bila hata kumtazama. Akachukua bamba jingine mwenyewe, akalibana mwenyewe, ikamchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akainama karibu na meza, akakunja uso.

"Sogea huko, mama," alimwambia Cheche kwa ukali. "Unanizibia mwanga."

Cheche akasogea upesi.