Blanketi la Bibi Aibu

Siku ile Mwalimu Tulinagwe Mwasomola alilala mchana na viatu vyake miguuni, jambo ambalo mama yake asingelivumilia. Alikuwa mlezi wa wanafunzi katika Chuo cha Kilimo na Mifugo cha Itengelo, kule kwenye nyanda za baridi ambako ukungu huingia madarasani bila kubisha hodi, na asubuhi nzima alikuwa ameketi kwenye kikao cha udahili. Kikao kilikuwa cha furaha. Kwa miaka kadhaa chuo kilikuwa kinapungukiwa na waombaji, maana vyuo vimeota kama uyoga wa masika, kila kimoja kinawaita vijana kwa mabango ya barabarani na matangazo ya simuni, na Itengelo ilikuwa imeanza kuhofia kufungwa. Mwaka huu, kumbe, waombaji walifurika. Mkuu wa Chuo, Dokta Mhema, mtu mwema anayependa kucheka, aliagiza soda na maandazi. Wakiwa wanakula, Tulinagwe akauliza swali lililokuwa likimkera moyoni: "Na wale wa mwaka jana, Mkuu? Tuliwapokea kwa vigelegele hivi hivi. Mbona darasani viti vimebaki vitupu?"

Kicheko kikakatika. "Mwalimu," akasema Dokta Mhema, wala si kwa ukali, "sisi tunafungua mlango. Kutembea ni kwao. Mimi na wewe nani alitubeba? Tulijitahidi."

Tulinagwe aliitikia kwa kichwa, kwa sababu hata yeye ndivyo alivyokuwa akiwaambia wanafunzi kila muhula: mimi pia nilitoka kwetu Rungwe sina mbele wala nyuma, nikajitahidi, leo mnaniona. Alipotoka kikaoni akamkuta mlangoni pa ofisi yake msichana wa mwaka wa kwanza, Editruda Mligo, mpole, aliyekuja chuoni na alama nzuri kuliko wenzake wengi. Binti akamwamkia, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anaomba kuacha masomo. Alipoulizwa sababu, akatazama sakafu. "Mambo ya nyumbani tu, madam." Tulinagwe, kichwa kikimgonga, akamwambia aende akatafakari, Jumatatu warudi kuongea. Editruda akasema ahsante, na namna alivyoisema ile ahsante, kama mtu anayerudishia mlango polepole asiwaamshe waliolala, ilimfuata mwalimu mpaka nyumbani. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha juu ya bati. Akajilaza kwenye kochi apumzike kidogo, na usingizi ukamzoa.

Akajiona amesimama katika nchi asiyoijua, mbele ya ukuta uliopotelea mawinguni, na katika ukuta ule lango pana kiasi kwamba ng'ombe wa kijiji kizima wangepita bila kugusana pembe. Ngoma zilikuwa zinarindima, na vijana walikuwa wanamiminika kutoka kila upande wa dunia, wengine wamevaa viatu vipya, wengine wamevishika mkononi visichakae. Langoni alisimama Bwana Majisifu, mrefu, mtanashati, amevaa joho jekundu lililoburuta vumbi, sauti yake tamu kama asali ya miombo. "Karibuni! Karibuni! Nafasi zipo, maisha yako hapa!" Kila aliyefika alivishwa shada la maua na kukumbatiwa kwa mikono miwili. Lakini Tulinagwe akaona kwamba kijana akishavuka kizingiti tu, ile mikono inamwachia, na Majisifu anageukia walio nje, uso wake unang'aa upya. Akamvuta joho, akamuuliza, "Na hawa walioingia, wanaangaliwa na nani?"

"Walioingia?" Majisifu akamkodolea macho kwa mshangao wa kweli kabisa. "Mama, hao si wamekwisha kuingia?"

Hapo akasikia mtu akicheka kwa upole pembeni yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono ya gauni ameikunja kama aliyetoka kufua, na mwendo wake ulikuwa wa ajabu: miguu ilikwenda mbele na uso ulitazama nyuma, na bado hajikwai. "Mimi naitwa Shukrani," akasema. "Wengi hudhani kazi yangu ni kupiga magoti na kusema ahsante. Hiyo ni adabu, na adabu ni dada yangu mdogo. Kazi yangu mimi ni kutazama nilikotoka, na anayetazama alikotoka huwaona waliobaki njiani. Twende, mwanangu, nikuonyeshe yaliyo nyuma ya ngoma."

Wakaingia. Nyuma ya lango palikuwa na uwanda mpana wa ukungu, na kadiri walivyokwenda ndivyo ngoma zilivyofifia, mpaka ukasikia tu nyayo za vijana katika nyasi zenye umande, kila mmoja kivyake, shada likinyauka shingoni. Katikati ya uwanda ule alikuwa anapitapita mama mmoja mwenye sura nzuri ya huruma, begani amebeba mablanketi mazito ya kijivu. Alikuwa akimwona kijana ametazama kulia na kushoto kwa wasiwasi, anamwendea mbio na kumnong'oneza: "Umeona? Wenzako wote wameelewa. Ni wewe tu. Njoo nikufunike, mwanangu, wasikuone." Na kijana anainamisha kichwa kwa kushukuru kabisa, anafunikwa gubigubi, na tangu hapo hasikiki tena. Uwanda wote ulijaa vichuguu vya kijivu. Wapita njia walivizunguka wakidhani ni mawe.

"Huyo ni Bibi Aibu," akasema Shukrani. "Hajampiga mtu hata kofi. Hutoa joto, ndiyo maana hawamkimbii."

Mbele kidogo palikuwa na mto wenye maji ya kasi, na kando yake ameketi jitu la miraba minne, limelowa chapachapa. Tulinagwe alimtambua kabla hajaambiwa, kwa sababu maisha yake yote alikuwa amemsifu. "Wewe ni Juhudi!" akasema. "Mbona umekaa?"

Juhudi akainua macho mekundu. "Nimechoka, mama. Nawavusha wanaonifikia. Lakini wale waliofunikwa mimi siwaoni, na wao hawanioni. Halafu ng'ambo ile wakiuliza fulani yuko wapi, watu hujibu: hakumtaka Juhudi. Kila anayepotea, lawama hutajwa kwa jina langu. Mimi naweza kubeba, mama. Kufunua siwezi. Hiyo ni kazi ya mwingine."

Maneno yale yalimchoma Tulinagwe, maana aliisikia sauti yake mwenyewe mbele ya madarasa mengi. Akataka kujitetea. Akafungua kinywa aseme, mimi nilivuka hapa peke yangu. Lakini Shukrani alikuwa amemshika kiwiko, anamgeuza taratibu, mpaka akatazama kulekule alikokuwa anatazama yeye.

Akaona kichuguu kimoja kando ya njia. Chini ya blanketi ulitokeza mguu umevaa kiatu cha raba cha bluu, na kiatu kile alikijua, kwa kuwa alikivaa yeye alipokuwa msichana wa mwaka wa kwanza. Kumbe alikuwa humu! Miaka yote amesimulia safari yake, na hapa hakuwahi kupataja hata mara moja. Akiwa bado ameduwaa, akatokea binti mnene, mweusi wa kupendeza, nywele zimechanwa nusu, anatembea kwa haraka kama aliyechelewa. Alikuwa Gwantwa, waliyelala naye chumba kimoja bwenini. Gwantwa hakusema neno lolote la hekima. Alikamata ncha ya blanketi, akalivuta, akasema, "Wewe Tuli, bado umelala tu? Amka bwana. Ile hesabu ya jana mimi sijaielewa hata chembe. Njoo tuhangaike wote." Na yule msichana wa raba za bluu akaketi, akapangusa macho, akasema kwa mshangao, "Hata wewe hujaelewa?" Kisha wakaelekea mtoni, na Juhudi akasimama kuwapokea.

Tulinagwe alilia kama mtoto. Hayakuwa machozi ya uchungu. Yalikuwa ya mtu aliyegundua kwamba katika siku mbaya kuliko zote hakuwa ameachwa. "Nilimsahau," akasema. "Nimfanyie nini sasa?"

"Mkumbuke kwanza," akajibu Shukrani. "Halafu usiache kutazama huku."

Akatazama. Kichuguu kimoja kilikuwa kinatikisika, mtu anatetemeka ndani yake. Akakikimbilia, akashika blanketi kwa mikono yote, likawa zito kama zege. Bibi Aibu akamsogelea, bado na uso wake wa huruma. "Mwache apumzike. Huyu ni wangu. Hapana aliyemwita tangu aingie." Na Tulinagwe akavuta pumzi akaita kwa nguvu zake zote, "Editruda!"

Sauti yake ndiyo iliyomwamsha. Mvua ilikuwa imekatika na jua la alasiri limelala juu ya mkeka. Alikaa kitako, uso umelowa, na kwa kitambo hakujua yuko nchi ipi. Kisha maana ikamjia, si kwa maneno bali kwa miguu, kwa maana alijikuta tayari yuko nje anakanyaga madimbwi. Alikuwa amemwambia binti yule arudi Jumatatu. Aliye chini ya blanketi atarudije?

Bwenini waliokuwepo walisema Editruda ameshafunga mizigo, ila hayupo. Alimkuta kwenye banda la ng'ombe, anamsugua ndama aliyelowa mvua kwa majani makavu, na alipomwona mwalimu akaruka akasimama wima.

"Shikamoo, madam. Nilikuwa naaga tu."

"Marahaba. Endelea, atapata baridi." Tulinagwe akaokota tita la majani, akainama upande wa pili wa ndama. Wakasugua pamoja. Kisha akasema, "Editruda, mimi mwaka wa kwanza nilifunga sanduku. Wanafunzi siwaambii. Nilikuwa nasikia hesabu za takwimu kama mtu anayeongea chini ya maji, na niliamini darasa zima linaelewa isipokuwa mimi."

Mkono wa binti ukasimama. "Ni kemia, madam," akasema hatimaye. "Mwalimu husema, kama mlivyokuwa mkifanya maabara. Mimi shuleni kwetu maabara haikuwepo. Tulichora tu zile chupa ubaoni. Wenzangu wanaitikia, na mimi naitikia."

"Unajuaje kama wao waliiona?"

Editruda akamtazama. Inaonekana hakuwahi kujiuliza. Akafikiri, akaanza kuwataja polepole, huyu anayejificha nyuma, yule anayesema anaumwa kila siku ya vitendo, na sauti ikawa inabadilika. "Madam," akasema, "nadhani tupo wengi."

Hakuahidi kubaki. Alisema atafungua begi kwanza, atoe daftari la kemia. Tulinagwe akampigia mwalimu wa maabara papo hapo, akiwa na majani mkononi, akaomba chumba kifunguliwe kesho kwa yeyote ambaye hajawahi kushika chupa ya kioo. Kisha akampigia Dokta Mhema, naye akasikiliza bila kukatiza, akakohoa, akasema, "Mwalimu, mimi alinibeba kaka yangu. Nilipokuambia vile asubuhi, sijui nilimtupa wapi. Kesho nami nitakuja."

Jioni, akiwa jikoni anasubiri maji yachemke, aliitafuta namba ya Gwantwa, ambaye sasa analima kahawa kule Mbozi. Walipokwisha kujuliana hali za watoto na za mvua, akamweleza yote: bwenini, asubuhi ile, ile hesabu. "Nimechelewa sana kukushukuru, mwenzangu. Uliniokoa."

Upande wa pili Gwantwa akacheka kicheko chenye machozi ndani yake.

"Tuli, unasema nini wewe? Mimi siku ile nilikuwa nimeamua kurudi nyumbani. Kweli sikuwa nimeelewa kitu. Nikasema nimjaribu huyu mwenzangu mara moja ya mwisho, akikataa kuamka, naondoka." Sauti ikamshuka. "Ukaamka."